Steringi Anapokufa: Mwongozo Kamili wa Kutazama Filamu za Waasi wa Hollywood, 1967–1980

"Steringi hafi." Kila aliyekulia kwenye vibanda umiza anaijua kanuni hiyo. Risasi zitamkosa, au zitampata begani tu. Atatupwa baharini akiwa amefungwa minyororo, lakini picha ikifika mwisho yeye amesimama na adui yuko chini. Agosti 1967 ilitoka filamu ya Marekani ambayo masteringi wake wawili, mwanamume na mwanamke, wanatobolewa kwa risasi mchana kweupe kando ya barabara ya vumbi. Miili inatulia, watu wanasogea kimya kimya kuitazama, na filamu inaishia hapo hapo. Hakuna anayekuja kutuambia tulie au tushangilie.

Filamu hiyo ni Bonnie and Clyde, na kwa miaka kama kumi na tatu iliyofuata zilitoka Hollywood filamu nyingi zenye moyo huo. Wengi wanaozisikia hudhani uasi wake ni damu na uchi. Damu imo, uchi umo. Uasi wenyewe hasa ulikuwa kukataa kumtafunia mtazamaji. Waongozaji hawa waliacha mambo muhimu nje ya picha, waliacha mwisho wazi, na walituachia sisi tuamue nani ana haki. Ndiyo maana mtu aliyezoea muvi za kisasa anaweza kuitazama mojawapo, akaimaliza, na akasema "mbona haijaisha?" Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Una filamu nane za wiki nane, moja kwa wiki. Mahali ninapolazimika kusema mwisho wa filamu nitakutahadharisha.

Hatua ya 1: Jua kwanza walichokuwa wanakiasi

Usianze na filamu. Anza na sheria iliyozitangulia, maana asiyeijua sheria hawezi kuona imevunjwa wapi.

Kuanzia mwaka 1934 studio kubwa za Hollywood zilipeleka miswada yake na filamu zake zilizokamilika kwenye ofisi moja ya ukaguzi, zikapimwe kwa Kanuni ya Hays. Kanuni yenyewe iliandikwa 1930. Mhalifu asionyeshwe kwa namna ya kumfanya mtazamaji awe upande wake. Uovu usiachwe bila adhabu. Ndoa iheshimiwe, na ndiyo sababu katika picha nyingi za zamani mume na mke wanalala kila mmoja kitanda chake. Mapenzi kati ya mtu mweusi na mtu mweupe yalikatazwa kwa maandishi. Kwa miaka zaidi ya thelathini Mmarekani alitoka ukumbini akiwa ameshaambiwa nani mwema na nani mbaya.

Kanuni hiyo ilidhoofika kwa sababu ya pesa kuliko kwa sababu ya ujasiri wa mtu yeyote. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi dhidi ya Paramount na wenzake, na studio zikalazimika kuachana na kumbi za sinema zilizokuwa zikizimiliki. Kisha ikaja televisheni. Mwaka 1946 tiketi takriban milioni 90 zilikuwa zinakatwa kila wiki. Miaka ya 1960 ikielekea ukingoni zilikuwa zimeshuka chini ya milioni 20. Mwaka 1963 studio ya Fox ilitoa Cleopatra, picha ya gharama za kutisha iliyokaribia kuizamisha kampuni nzima. Mwaka 1966 Paramount ikanunuliwa na Gulf+Western, kampuni iliyokuwa na biashara za kila aina zisizohusiana na filamu.

Wazee waliobaki kwenye viti hawakujua tena vijana wanataka kuona nini. Vijana wenyewe walikuwa wanaona vita vya Vietnam kwenye televisheni sebuleni, na vyuoni wanaangalia filamu za Kifaransa na Kiitalia zilizopigwa mitaani, zikiwa na makato ya ghafla na hadithi zisizofungwa. Tarehe 1 Novemba 1968 Kanuni ya Hays ilizikwa rasmi na nafasi yake ikachukuliwa na madaraja ya umri. Filamu mbili za kwanza kwenye orodha yetu zilitoka kabla ya tarehe hiyo. Weka hilo akilini unapozitazama.

Hatua ya 2: Hakikisha nakala yako ni nzima

Hatua hii watu huiruka, halafu wanailaumu filamu. Nakala nyingi zinazozunguka kwenye flashi zilirekodiwa kutoka vituo vya televisheni, na vituo hivyo vilikata matusi, vilikata damu, na wakati mwingine vilikata dakika nzima nzima ili matangazo yaenee. Kama unaweza, kodi filamu moja moja kwenye huduma za kulipia mtandaoni. Bando la filamu moja kwa wiki halifilisi mtu. Kama unanunua diski, angalia urefu kabla ya kulipa.

Urefu wa kulinganisha ni huu: Bonnie and Clyde dakika 111, The Graduate 106, Easy Rider 95, The Godfather 175, The Conversation 113, Nashville 160, Taxi Driver 114, Killer of Sheep kama 80. Ila usishtuke haraka. Diski za mfumo wa PAL, ambao ndio uliotumika Afrika Mashariki na sehemu kubwa ya Ulaya, huendesha picha 25 kwa sekunde badala ya 24 za filamu, kwa hiyo filamu inakimbia kidogo. The Godfather ya dakika 175 kwenye PAL inasoma karibu 168, na hakuna kitu kilichokatwa. Ikisoma 150, hiyo imekatwa, iache.

Kitu cha pili ni umbo la picha. The Graduate ilipigwa kwa picha pana sana. Nakala za zamani zilizotengenezwa kwa televisheni za mraba zilikata pande zake, na karibu nusu ya picha ikapotea. Katika filamu hiyo upana ndio lugha yenyewe: kijana anawekwa pembeni kabisa, na nafasi tupu iliyobaki inatuambia jinsi alivyo mpweke. Ukiona picha yake imejaa skrini yote juu hadi chini, au nyuso zimevutwa zikawa ndefu au nene, una nakala mbovu au televisheni yako imewekwa vibaya. Michirizi myeusi juu na chini ni dalili njema.

Hatua ya 3: Andaa chumba

Tazama usiku, taa zikiwa zimezimwa na pazia limefungwa. Sisemi hivi kwa ajili ya mbwembwe. The Godfather ilipigwa na Gordon Willis, aliyeweka taa juu ya vichwa vya waigizaji ili macho yao yazame kwenye kivuli, na kwenye simu yenye mwanga wa chini huoni chochote. Ingia kwenye mpangilio wa picha wa televisheni, chagua hali ya sinema, halafu uzime kile kipengele kinacholainisha mwendo na kuifanya filamu ifanane na mechi ya mpira. Watu wengi hawajui kama kipo, na kimewaharibia picha miaka yote.

Sauti nayo. Ukiwa na sabufa, punguza besi. Filamu hizi zimejengwa kwa minong'ono, na besi kubwa inaimeza. Kwa The Conversation hedfoni za kawaida ni bora kuliko sabufa ya laki tano.

Washa maandishi ya chini ya Kiingereza ukihitaji, maana Marlon Brando, mwigizaji wa The Godfather, anamung'unya na wahusika wa Nashville wanazungumza wote kwa pamoja. Matoleo ya ma-DJ wanaotafsiri kwa Kiswahili nayapenda kwa muvi za ngumi, na ni sanaa yenye heshima yake, lakini DJ kazi yake ni kuziba ukimya. Hapa ukimya ni sehemu ya hadithi.

Watoto wawe wamelala. Easy Rider ina dawa za kulevya mwanzo mpaka mwisho, na Taxi Driver ina binti wa miaka kumi na mbili anayeuzwa. Ukitazama na wazazi au wakwe, chagua The Godfather au Killer of Sheep, tena uwaambie mapema kwamba The Godfather ina mauaji.

Mwisho, uwe na daftari. Kila filamu ikiisha, kabla hujashika simu, jibu maswali matatu kwa sentensi moja moja. Nilitaka nani ashinde? Ni kitu gani ambacho sikuonyeshwa? Sauti ya mwisho niliyoisikia ilikuwa ipi? Ukiyajibu kwa filamu nane, utaona mambo ambayo hakuna mtu angeweza kukuelezea.

Hatua ya 4: Fuata mpangilio

Wiki ya kwanza ni Bonnie and Clyde, ya mwongozaji Arthur Penn. Wengi wanaijua kwa mauaji ya mwisho, lakini mimi nakuomba ukae macho mapema zaidi, kwenye ujambazi wa benki ambao dereva wao, kijana mmoja mzubaifu, anaamua kuegesha gari. Wenzake wanatoka na pesa, gari limebanwa katikati ya magari mengine. Muziki wa banjo umekolea. Unacheka. Mzee wa benki anarukia ubavuni mwa gari kuwazuia, Clyde anageuka na kumpiga risasi ya uso kupitia kioo. Kicheko chako bado hakijaisha mdomoni. Sekunde chache baadaye wamejificha ndani ya ukumbi wa sinema, Clyde anamfokea dereva kwa hofu, na Bonnie anatazama picha kwenye skrini, amezama kabisa. Hakuna filamu ya Kanuni ya Hays iliyowahi kukugeuza hivyo, ukacheka na muuaji kisha ukajikuta huna pa kuficha uso.

Risasi za mwisho zilipigwa kwa kamera nne zenye kasi tofauti, na mhariri Dede Allen akazisuka pamoja, za haraka na za taratibu. Kabla ya hapo kuna ndege wanaoruka kichakani na wapenzi wawili wanaotazamana. Hesabu wanatazamana mara ngapi. Bosley Crowther, mhakiki mzito wa New York Times, aliishambulia filamu hii mara kwa mara. Mhakiki mwingine, Pauline Kael, akaitetea kwa makala ndefu kwenye jarida la New Yorker. Muda mfupi baadaye Crowther hakuwa tena kwenye kiti kile.

Wiki ya pili, The Graduate ya Mike Nichols, ya Desemba mwaka huo huo. Benjamin amemaliza chuo, hajui afanye nini na maisha, na anaingia kwenye uhusiano na Bi Robinson, mke wa mshirika wa baba yake. Anne Bancroft, aliyeigiza Bi Robinson, alikuwa amemzidi Dustin Hoffman, aliyeigiza Benjamin, miaka sita tu. Ni uigizaji wao unaokufanya uamini kwamba mmoja ni wa umri wa mama. Tazama vioo na maji: tangi la samaki, bwawa la kuogelea, kioo cha vazi la kuzamia. Kijana huyu anatazama maisha yake kupitia kitu kingine. Na pale anapokimbia kuelekea kanisani, mpiga picha ametumia lenzi ndefu sana, ile inayosogeza vitu vya mbali karibu. Anakimbia kwa nguvu zote akija kwetu na haonekani kusogea hata hatua moja. Kuna watu wameitazama filamu hii mara tano bila kugundua kwa nini pale kifua kinawabana.

Sasa nasema mwisho, kwa hiyo ruka aya hii kama hujaiona. Elaine, binti wa Bi Robinson, ameshafunga ndoa na mtu mwingine. Benjamin anamtorosha hata hivyo, wanarukia basi, wanakaa kiti cha nyuma, wanacheka. Filamu yoyote ingekatia hapo. Nichols hakukata. Kamera inabaki kwenye nyuso zao, na tabasamu linaisha taratibu, kwanza kwa mmoja, kisha kwa mwingine. Niliwahi kuitazama na wapwa zangu wawili, walipiga kelele za furaha wakati wa kutoroka, halafu sebule ikawa kimya. Mdogo akaniuliza, "Mjomba, sasa wanaenda wapi?" Nikamwambia wao wenyewe hawajui. Akaniomba nirudishe nyuma aangalie tena.

Easy Rider ya 1969 haihitaji maelezo mengi. Dennis Hopper na Peter Fonda waliitengeneza kwa pesa isiyofika dola nusu milioni, ikaingiza makumi ya mamilioni, na studio zote zikaanza kutafuta vijana wenye nywele ndefu wa kuwapa pesa. Kama hadithi ina udhaifu, inazurura. Umuhimu wake uko barabarani: mwanga wa jua unaogonga lenzi, kosa ambalo mafundi wa zamani wangelitupa, na hapa limeachwa kwa makusudi. Usikilize nyimbo, kisha usikilize kinachobaki wimbo wa mwisho wa safari unapokatika.

Wiki ya nne unahitaji usiku mzima. The Godfather, 1972. Francis Ford Coppola alikuwa na miaka thelathini na kitu, na studio ya Paramount haikuwataka Brando wala Al Pacino, aliyeigiza Michael, wala haikulipenda giza la Willis. Filamu inaanza kwa skrini nyeusi na sauti ya mtu anayesema anaiamini Marekani. Uso wake unatokea. Ni mzika maiti, anaomba binti yake alipiziwe kisasi. Kamera inarudi nyuma polepole mno, kwa karibu dakika tatu, mpaka bega na mkono wa mtu anayesikiliza vinaingia kwenye picha. Bado hatujaona uso wake. Tumeshajua ni nani mwenye nguvu humo chumbani kwa sababu ya nani anaongea na nani ananyamaza. Mzee yeyote wa kwetu aliyewahi kukaa barazani akipokea wenye shida anaijua tofauti hiyo.

Halafu mgahawa. Michael, mtoto msomi aliyejitenga na biashara ya familia, amekaa mezani na wanaume wawili anaokusudia kuwaua. Wanaongea Kiitalia na filamu haitupi tafsiri, hata neno. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani nakala yangu ina kasoro. Hapana, tunafungiwa nje ya maneno ili tubaki na macho ya Pacino, yanayozunguka kama ya mtu anayetafuta mlango. Chini yake mtaalamu wa sauti Walter Murch ameweka mlio wa treni ya juu ya mtaa inayokaribia, breki zikisaga chuma, wakati treni yenyewe haionekani hata mara moja. Mlio unapanda, unapanda. Huo ndio moyo wa Michael, na hakuna violini iliyohitajika.

Utakapofika mwisho, tazama mlango. Tazama nani yuko upande upi unapofungwa. Kwenye daftari, swali la kwanza litakusumbua usiku huo: nilitaka nani ashinde? Kama uliandika Michael, umeshakubali mambo ambayo asubuhi usingeyakubali.

Wiki ya tano ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo watu wengi hawajaiona. The Conversation, Coppola huyo huyo, Aprili 1974. Ilipata tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes mwaka huo, na miezi minne baada ya kutoka, Rais Nixon alijiuzulu kwa kashfa iliyojaa kanda za sauti, ingawa muswada wa filamu hii ulianza kuandikwa miaka mingi kabla. Gene Hackman ni Harry Caul, mtaalamu wa kunasa sauti za watu kwa siri. Anavaa koti la mvua la plastiki linaloonyesha ndani hata siku isiyo na mvua. Mlango wake una kufuli kadhaa. Kazi yake inaanza katika uwanja wa Union Square, San Francisco, adhuhuri, kamera ikiwa juu paani ikisogea taratibu kuelekea umati, kama jicho linalotafuta mtu. Kijana na msichana wanatembea wakiongea. Harry anawanasa kwa maikrofoni za pande mbalimbali.

Kazi yako hapa ni moja. Zima maandishi ya chini wakati wa mazungumzo ya uwanjani, na usikilize sentensi moja ambayo Harry anaisafisha kwenye mashine yake mpaka inasikika: kijana anamwambia msichana kwamba mtu fulani angewaua akipata nafasi. Sentensi hiyo itarudi mara kadhaa. Isikilize kila inaporudi, kwa sauti yenyewe ya Kiingereza, na uandike ni neno gani limekazwa.

Ruka tena kama hujaiona. Mara za mwanzo mkazo uko kwenye kuua: wanaogopa. Mara ya mwisho, Harry akiwa amechelewa, mkazo umehamia kwenye "sisi": angetuua *sisi*, kwa hiyo tumtangulie. Murch aliweka usomaji mwingine wa mwigizaji yule yule. Kiswahili kinatusaidia kuona ujanja huo kwa sababu kwetu "angetuua" ni neno moja, yule anayeuawa amefichwa tumboni mwa kitenzi. Ili umkaze lazima umtoe nje: angetuua sisi. Mtaalamu wa kusikia alisikia kila kitu isipokuwa hicho. Anamalizikia kung'oa mbao za sakafu ya nyumba yake mwenyewe akitafuta chombo cha kumnasa, na kamera inamwangalia ikigeuka kushoto, kulia, kushoto, kama zile za ulinzi.

Nashville ya Robert Altman, 1975, ina wahusika wakuu 24 na haina steringi kabisa. Altman aliwavalisha waigizaji maikrofoni za kila mmoja, akarekodi sauti kwenye njia nyingi kwa wakati mmoja, ndiyo maana maneno yanapandana kama sokoni. Usihangaike kukamata kila jina. Chagua watu watatu unaowapenda dakika ishirini za kwanza, ufuatane nao, wengine watakujia wenyewe.

Taxi Driver ya 1976 itazame ukiwa na utulivu wa moyo. Martin Scorsese aliipiga New York kiangazi cha 1975, jiji likiwa ukingoni mwa kufilisika, na muziki wake ulikuwa kazi ya mwisho ya Bernard Herrmann. Alifariki tarehe 24 Desemba 1975, mara tu baada ya kumaliza kuurekodi. Mandhari ya kukaa nayo ni ndogo. Travis, dereva, anapiga simu ya ukutani kumwomba msamaha mwanamke aliyemkosea. Anakataliwa. Katikati ya maongezi kamera inamwacha, inasogea kando, na kubaki ikitazama korido tupu inayoelekea mtaani. Sauti yake inaendelea nje ya picha. Ni aibu iliyo nzito mno kuitazama usoni, na filamu inageuza uso kwa niaba yetu. Kumbuka hapo utakapofika kwenye damu ya mwisho, ambayo rangi zake zilififishwa ili filamu ipate daraja la kuonyeshwa. Kamera ambayo ilishindwa kutazama kukataliwa, kwenye mauaji haigeuki.

Hatua ya 5: Rudia dakika kumi

Kesho yake usirudie filamu nzima. Chagua dakika kumi, zitazame mara mbili. Mara ya kwanza zima sauti kabisa, hesabu kila picha inapokatwa kwenda nyingine. Utashangaa The Godfather inavyokata mara chache, na Bonnie and Clyde inavyokata mara nyingi. Mara ya pili geuka, upe skrini mgongo, usikilize tu. Ukitazama na wenzio, mmoja ahesabu na mwingine asikilize, kisha mwambiane. Mazungumzo yatachukua muda mrefu kuliko dakika zenyewe.

Hatua ya 6: Jua mlango ulifungwa lini, na nani alibaki nje

Juni 1975 Jaws ilifunguliwa kwa mpigo katika kumbi zaidi ya 400 ikisukumwa na matangazo ya televisheni, na 1977 ikaja Star Wars. Studio zikagundua biashara nyingine. Novemba 1980 Heaven's Gate ya Michael Cimino, iliyogharimu zaidi ya dola milioni 40, iliondolewa ukumbini baada ya siku chache, na mwaka uliofuata kampuni iliyoitoa, United Artists, ikauzwa kwa MGM. Tangu hapo mwongozaji kupewa pesa zote na uhuru wote likawa jambo adimu.

Lakini hata mlango ulipokuwa wazi, waliopita karibu wote walikuwa wanaume weupe. Barbara Loden alitengeneza Wanda mwaka 1970 kwa pesa kidogo na kamera ndogo ya milimita 16, akapata tuzo ya wahakiki kwenye tamasha la filamu la Venice, na hakuongoza tena filamu ndefu. Melvin Van Peebles mwaka 1971 alijitafutia pesa mwenyewe kutengeneza filamu ya mtu mweusi anayewashinda polisi; ilianza na kumbi mbili tu, Detroit na Atlanta, kisha ikasambaa. Na katika chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles, wanafunzi weusi walikuwa wanatengeneza sinema ambayo Hollywood haikujua hata kama ipo. Kati yao alikuwepo Haile Gerima, mzaliwa wa Gondar, Ethiopia, ambaye 1976 alitoa Harvest: 3,000 Years, iliyopigwa nyumbani kwao kwa Kiamhari.

Mwenzao Charles Burnett ndiye wa wiki ya nane. Killer of Sheep aliipiga wikiendi, mtaa wa Watts alikokulia, kwa majirani na marafiki, kwa gharama isiyozidi dola elfu kumi, akaikamilisha 1977. Haikuingia kumbini kwa sababu nyimbo zilizomo hazikuwa zimelipiwa haki, mpaka 2007, miaka thelathini. Stan anafanya kazi machinjioni, analala vibaya, anampenda mkewe na hana nguvu ya kuonyesha. Kuna mahali yeye na mkewe wanacheza wimbo wa Dinah Washington mbele ya dirisha, na mke anabaki peke yake mume akishaondoka.

Siku moja Stan na rafiki yake wananunua injini ya gari. Wanaibeba wawili ngazi kwa ngazi, vidole vinabanwa, wanapumzika, wanaendelea, mpaka wanaifikisha kwenye pikapu. Wanaiweka ukingoni kabisa mwa bodi la nyuma. Stan anashauri isogezwe ndani. Mwenzake anasema itakaa tu. Gari linaondoka kwenye mwinuko, injini inaanguka, inapasuka. Wanashuka kuitazama, wanapanda tena. Kamera imekaa nyuma ya pikapu, na injini inabaki barabarani ikizidi kuwa ndogo. Usishike simu. Fungua daftari, anza na swali la pili.